Maswali na Majibu: Mmeisikiliza Paid in Full, Sasa Tuongee

Katika safu iliyopita niliwaomba mkae na albamu moja ya zamani, Paid in Full ya Eric B. & Rakim, kisha mniandikie mlichokisikia. Mmeandika kwa wingi, wengine kwa mapenzi na wengine kwa hasira, na zote nimezisoma.

Kwa aliyechelewa: albamu hii ilitoka Julai 1987 chini ya 4th & B'way, lebo iliyokuwa mikononi mwa Island Records. Eric B., yaani Eric Barrier, ni DJ wa Queens, New York. Rakim alizaliwa mwaka 1968 akiitwa William Griffin, na ni mtoto wa Wyandanch, Long Island. Nyimbo ni 10. Kwenye chati kuu ya albamu ya Billboard iliishia nafasi ya 58, na platinamu haikuipata hadi 1995. Kwa imani yangu ndiyo albamu iliyobadilisha namna MC, yaani mchanaji, anavyokaa juu ya mdundo, na mtaona majibu yangu mengi yanarudi hapo hapo.

Kaka, nimeisikiliza kwenye simu. Ngoma nyembamba, sauti kavu, hakuna kiitikio cha kuimba nacho. Mbona iko kama demo? (Msomaji, Dodoma)

Kwanza itoe kwenye spika ya simu, mdogo wangu. Spika ile ndogo inakula besi yote, na albamu hii imejengwa juu ya besi. Sikiliza "Eric B. Is President" kwenye redio yenye spika za maana, hata ile ya gari la rafiki yako. Utasikia besi inatembea chini kwa madaha, imechukuliwa kwenye wimbo wa disko wa Fonda Rae wa mwaka 1982, "Over Like a Fat Rat". Ukiisikia besi ile, ile nafasi tupu uliyoiita wembamba inaanza kuwa na kazi.

Nafasi hiyo ilitokana na vifaa pia. Sampla, yaani mashine za kunakili vipande vya rekodi nyingine, za miaka ile zilibeba sekunde chache tu za sauti, kwa hiyo huwezi kurundika ala 40 kama leo. Prodyuza alichagua kipande cha ngoma, kipande cha besi, labda mlio wa tarumbeta, basi. Lakini wapo waliokuwa na vifaa vile vile wakajaza kila pengo kwa kelele. Hapa pengo limeachwa makusudi ili sauti ya mtu mmoja isikike ikipumua. Kiitikio hukisikii kwa sababu mara nyingi kazi hiyo anaifanya DJ kwa kukwaruza sahani, yaani skrachi. Ukiisubiri skrachi kama unavyosubiri kiitikio, wimbo unakaa sawa.

Kaka, mimi narapu, bado chipukizi, niko Mwanza. Kila mkubwa ananiambia "msikilize Rakim". Nimemsikiliza. Anachana vizuri, lakini sioni ajabu yake. Ajabu iko wapi? (Rapa chipukizi)

Huioni kwa sababu umekulia ndani yake. Karibu kila rapa unayempenda anatumia kitu ambacho mwaka 1986 kilikuwa kigeni.

Chukua rapu nyingi zilizovuma kabla yake. Mtu anapaza sauti kana kwamba anahutubia uwanja, sentensi inaanza mwanzo wa mstari na kuisha mwisho wa mstari, na kina kinaanguka pale pale kila mara. Run-DMC walifanya hivyo kwa ustadi na nguvu, na bado nawapenda. Rakim alikuja na sauti ya chini, ya mtu aliyekaa. Kuna kisa kinachojulikana sana cha siku alipoingiza sauti ya "My Melody" kwa prodyuza Marley Marl, Queensbridge: alikuwa ameketi kwenye kochi, na Marley Marl pamoja na MC Shan wakamsihi aamke aongeze nguvu. Hakuongeza. Walidhani kijana hana moto, kumbe utulivu ule ndio uliompa nafasi ya kupanga maneno.

Na alikuwa anayapanga kimuziki. Alipuliza saksafoni tangu utotoni, shangazi yake ni mwimbaji Ruth Brown, na ameeleza katika mahojiano kwamba alikuwa anajaribu kuandika mistari kwa namna mpiga saksafoni John Coltrane alivyopuliza. Ndiyo maana sentensi yake haiheshimu ukuta wa mstari. Inaanza katikati, inavuka, inakwisha pale ambapo wewe ulishajiandaa kupumua. Vina vinaangukia ndani, viwili vitatu kabla ya mwisho.

Nenda kwenye "My Melody", pale anapohesabu. Anawapanga MC 7 kwenye mstari, anaongeza 7 wanaojiona wanajua, anataka 7 wengine kabla hajaanza kazi, kisha anatangaza kuwa wote 21 amewala kwa mkupuo mmoja. Hesabu ya darasa la pili, lakini angalia anavyoichelewesha: kila 7 inaingia kwa mwendo ule ule wa pole, hapandishi sauti, na jumla inakuangukia kabla hujamaliza kuhesabu vidole. Mwingine angepiga kelele kwenye 21. Yeye anaipita kama aliyesoma risiti.

Sasa sikia kinachokuhusu wewe unayeandika kwa Kiswahili. Vina vya ndani si kitu cha kuazima Marekani. Shairi letu la mizani 16 lina kina cha kati na kina cha mwisho tangu enzi za mababu. Hivi:

*Usiku niko kazini, sauti yangu ni moto,*
*Nimeketi ukumbini, nasubiri yangu ndoto.*

Hapo kila kina kiko kwenye kiti chake, na msikilizaji anajua kitakapokuja. Anachokufundisha Rakim ni kukihamisha kiti:

*Nashika kalamu, hamu inapanda, salamu zenu*
*baadaye, acha niwaze, nikaze uzi hadi nimalize*
*ubeti ulioninyima usingizi.*

Umeona "salamu zenu" zimening'inia, sentensi inamalizikia mstari wa pili? Kalamu, hamu na salamu zote zimekwisha kabla mstari haujakwisha. Nimeitunga ya haraka, wewe utatunga bora. Fanya zoezi hili: gonga mdundo kwa mguu, soma ubeti wako polepole, halafu weka nukta kwenye karatasi kila unapovuta pumzi. Nukta zote zikiwa mwisho wa mistari, bado unaandika kama mtu wa 1983. Kiswahili kinakusaidia pia kwa vile silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, kwa hiyo vina ni vingi mno. Hatari yake ni hiyo hiyo: kina cha rahisi kinakuja chenyewe, unajikuta umemaliza kila mstari kwa "-ni" kisha unajiita mkali.

Nyimbo 10, tatu hazina rapu kabisa. Nilihisi nimepunjwa. (Msomaji, Eldoret)

"Eric B. Is on the Cut", "Chinese Arithmetic" na "Extended Beat". Wengi mmelalamika, na ninaelewa.

Lakini tazama jina la kundi: DJ ndiye wa kwanza. Hip hop ilianza kwa DJ. Wanaohesabu miaka yake huanzia tarehe 11 Agosti 1973, pale Kool Herc alipopiga muziki kwenye sherehe ya dada yake katika jengo la 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, akirefusha vipande vya ngoma tupu ili watu wacheze. MC alikuwa msaidizi wa kuchangamsha watu. Mwaka 1987 mizani ilikuwa imeshaanza kuelemea upande wa MC, na kwa sehemu kubwa ni Rakim huyu huyu aliyeielemeza, ila albamu ya kundi la watu wawili ilikuwa bado inampa DJ uwanja wake. "Chinese Arithmetic" ni DJ anayeonyesha mikono yake. Isikilize kama unavyosikiliza solo ya gitaa kwenye dansi: usingoje maneno.

"Extended Beat" ni habari nyingine. Ni mdundo ulioachwa ujiendee, na sijawahi kuona sababu ya kuukalia hadi mwisho. Hapo ulipunjwa kweli.

Majigambo yamezidi. Wimbo baada ya wimbo ni mimi, mimi, mimi. Hana la kuiambia jamii? (Msomaji, Mombasa)

Wewe wa Mombasa ndiye unaniuliza hivyo? Mji wa Muyaka bin Haji? Mshairi yule wa mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 aliwarushia mashairi washairi wa miji jirani, akajisifu, akausifu mji wake, akamtaka mwenye ubavu ajibu. Kujibizana na kujigamba ni kazi ya zamani ya ushairi wetu, na hakuna anayemwambia Muyaka alikosa ujumbe.

Majigambo yana masharti, nayo ni kuyathibitisha papo hapo. Mtu akisema yeye ni hodari wa kupanga maneno, na sentensi anayosemea hivyo imepangwa hovyo, ameumbuka. "I Ain't No Joke" ni wimbo mzima wa kusema sina mzaha na kazi hii, juu ya tarumbeta kali zilizochukuliwa kwa The J.B.'s, bendi ya James Brown, na kila ubeti unatoa ushahidi. Halafu zingatia anajisifia nini. Pesa anazitaja, lakini muda mwingi anasifia kuandika: kukaa na karatasi, kufikiri, kurudia. Kijana wa miaka 19 anayejivunia kufikiri mbele ya vijana wenzake, hilo kwangu ni neno kwa jamii.

Nakubaliana nawe kwenye jambo moja. "As the Rhyme Goes On" inarudia yale yale yaliyokwisha kusemwa vizuri zaidi kwenye "My Melody", na huko mbele albamu inachoka kidogo.

Assalaam alaykum. Rakim anajiita Allah. Mimi Mwislamu, jambo hili limenikwaza. Yeye ni dini gani? (Msomaji, Tanga)

Wa alaykum salaam. Swali lako ni la haki.

Katikati ya miaka ya 1980 alijiunga na watu wanaojulikana kama Five Percent Nation, au Nation of Gods and Earths, akachukua jina la Rakim Allah. Kundi hili lilianzishwa Harlem mwaka 1964 na Clarence 13X, aliyetoka katika Nation of Islam. Mafundisho yao yanasema mtu mweusi mwenyewe ndiye Mungu, na wana elimu yao ya namba, ambapo 7 ina uzito wa pekee. Zile 7 tatu za "My Melody" nilizozitaja juu, wenzake wa New York walizisikia kwa sikio hilo. Si itikadi ya Uislamu unaoujua wewe, na Mwislamu kukwazika na jina hilo ni jambo ninalolielewa.

Ninachoweza kukusaidia kama msikilizaji ni mazingira. Hawa walikuwa watoto wa watu ambao nchi yao iliwaambia kwa karne nyingi kwamba si kitu. Mafundisho yale yaliwapa vijana wa mitaa ya New York msamiati wa heshima na nidhamu ya kusoma, na ndiyo maana maneno kama "maarifa" na "hekima" yamejaa kwenye rapu ya enzi hiyo. Kwenye albamu hii hahubiri sana. Imani hiyo ipo zaidi kwenye uzito wa sauti yake kuliko kwenye mafundisho.

Jaketi za kwenye kava ni za Gucci kweli? (Msomaji, Kigali)

Nembo ni ya Gucci, jaketi si za Gucci. Zilishonwa na Dapper Dan, jina lake Daniel Day, aliyefungua duka lake Harlem, mtaa wa 125, mwaka 1982. Alichapa nembo za majumba makubwa ya Ulaya kwenye ngozi, kisha akashona mitindo ambayo majumba yale hayakuwahi kuiwaza: jaketi pana, mikono iliyojaa, kwa ajili ya watu ambao maduka ya kifahari yalikuwa yakiwatazama kwa jicho la shaka. Duka lilikuwa wazi usiku na mchana. Wenye nembo walimfuata kisheria, na mwaka 1992 duka likafungwa. Mwaka 2017 Gucci wenyewe walionyesha jaketi iliyofanana mno na kazi yake ya zamani, watu wakapiga kelele mitandaoni, na mwaka uliofuata akafungua karakana Harlem kwa ushirikiano na Gucci hao hao.

Fundi cherehani yeyote wa Afrika Mashariki atamwelewa mara moja.

Shikamoo ya kwangu ngoja uipokee wewe, mwanangu, maana leo nina ugomvi. Mimi ni mtu wa soul. James Brown, Bobby Byrd, hao ndio wanamuziki. Hawa vijana wamechukua kazi za watu wakaweka maneno juu. Huo si wizi? (Mzee wa Ilala)

Shikamoo mzee wangu, siwezi kuanza bila kuamkia. Naujua uchungu wa kizazi chako na soul. Ninyi ndio mliokuwa vijana Dar es Salaam mwishoni mwa 1969 muziki huo ulipopigwa marufuku mjini, ukahesabika ni uchafu wa kigeni, na bado mkautunza.

Una haki nusu, na nusu hiyo ni nzito. "I Know You Got Soul" imechukua jina, moyo na kipande cha wimbo wa Bobby Byrd wa 1971. Ngoma ya "Paid in Full" ni ya Soul Searchers, bendi ya Chuck Brown wa Washington, kutoka wimbo wa 1974. Besi yake ni ya wimbo wa Dennis Edwards, yule wa zamani wa The Temptations, wa 1984. Mwaka 1987 watu walisampo kwanza, mambo ya ruhusa na malipo baadaye kama yatakuja. Desemba 1991 ndipo mahakama ya New York ilipotoa hukumu dhidi ya rapa Biz Markie, na tangu hapo kusampo bila kibali kukawa hatari. Wapiga ngoma na wapiga besi wengi hawakuonja senti ya jasho lao, na ninaona ni dhuluma. Jina la mwenye studio lilikuwa kwenye karatasi, la mpiga ngoma halikuwepo.

Nusu nyingine, mzee, nakuomba uisikilize kwa sikio lako la soul. Bobby Byrd mwaka 1987 hakuwa akipigwa redioni kwa vijana wa miaka 15. Wimbo huu ulimrudisha, na ukafungua mlango wa miaka kadhaa ambapo rekodi za James Brown na watu wake zilichimbwa kila kona. Halafu sikiliza kilichofanyika: kipande cha gitaa na pumzi ya Byrd kimekatwa, kimegeuzwa duara, na juu yake Rakim anaanza kwa kuomba radhi kwamba amechelewa kurudi, ni muda mrefu umepita tangu awaache watu bila mistari mikali. Hajaurudia wimbo wa Byrd. Ameuweka chini ya miguu yake akasimama. Mimi mwenyewe nilimfuata Byrd kwa kupitia wimbo huu, na najua vijana wengi wa Afrika Mashariki waliofika kwa James Brown kwa njia hiyo hiyo. Nipe ruhusa ya kuendelea kubishana nawe, mzee.

Ni nani hasa aliyetengeneza midundo? Naona majina yanagongana. (Prodyuza, Nakuru)

Yanagongana hadi leo. Marley Marl anasema "Eric B. Is President" ni mkono wake; Eric B. anasema alileta rekodi na wazo, mwenzake akaendesha mitambo. Wimbo huo na "My Melody" vilitoka kwanza kama singo mwaka 1986 kwenye lebo ndogo ya Zakia, kazi ikiwa imefanyika nyumbani kwa Marley Marl. Sehemu kubwa ya zilizobaki ilirekodiwa Power Play Studios, Queens. Funzo kwako ni la kiofisi: andikianeni kabla ya kuwasha mashine.

Kaka, kwenye "Paid in Full" yenyewe kuna ubeti mmoja tu! Wimbo wenye jina la albamu, ubeti mmoja? (Msomaji, Morogoro)

Mmoja, na mimi sitaki wa pili.

Unaanza kwa wawili hao kuongea habari za malipo, nani anasimamia kazi zao, ziko lebo gani, mazungumzo ya kawaida ya watu wanaosubiri hundi. Kisha Rakim anaingia, akiwaza kwa sauti. Anatafuta mbinu ya kupata pesa. Mkononi hana kitu ila jasho. Anaingiza mkono mfukoni, pesa yote imekwisha. Anachimba zaidi, anatoka na manyoya ya nguo. Anakumbuka siku alizokuwa kijana wa kupora watu, na wazo la kurudi huko linampitia. Analiacha. Anataka kazi halali, ya asubuhi hadi jioni. Anatamani sahani ya samaki, chakula anachokipenda, lakini bila pesa samaki anabaki kuwa matamanio. Halafu anaelekea studio, wawili hao wanaongea tena kidogo, na mdundo unaendelea hadi mwisho.

Huyo ni mtu anapambana na nafsi yake kwa muda usiozidi dakika moja, bila kupaza sauti wala kutuambia tumhurumie. Mara ya kwanza nilipoelewa pale mfukoni, kwamba kuna hatua mbili, kukosa pesa na kisha kuchimba tena huku unajua hakuna kitu, nilirudisha kaseti nyuma. Yeyote aliyewahi kukaa mwisho wa mwezi anajua mkono ule unavyorudi mfukoni bila kutumwa. Ubeti wa pili ungelazimika kutueleza kama alifanikiwa. Jina la albamu na kava lenye noti tayari vimeshajibu.

Dada yangu alikuwa na kaseti ya wimbo huo, na ndani yake mwanamke anaimba kwa sauti ya juu, kama wimbo wa dini. Kwenye albamu simsikii. Nimeota? Na ni Kiarabu kile? (Dada, Maskati)

Hujaota, dada. Kaseti ile ilikuwa na remiksi ya Coldcut, vijana wawili wa Uingereza, iliyotoka mwaka huo huo wa 1987 kwa jina la "Seven Minutes of Madness". Ilifika nafasi ya 15 Uingereza, na wengi nje ya Marekani waliujua wimbo kwa sura hiyo. Albamu ya asili haina. Mwimbaji ni Ofra Haza, binti wa Wayahudi wa Yemeni, na maneno ni shairi la kidini la Shalom Shabazi, mshairi wa Yemeni wa karne ya 17. Unachokisikia pale ni Kiebrania, ila lahaja ya sauti ni ya Yemeni, na si ajabu sikio lako la Maskati limeona ni jirani.

Eric B. hakuipenda remiksi ile hata kidogo. Rakim aliisifu. Mimi niko na Rakim, ingawa huwa naisikiliza kando, baada ya ile ya albamu, kwa kuwa inauvunja vipande ubeti niliousifu hapo juu.

Nina watoto. Matusi yapo? (Mama, Arusha)

Ni nadra mno, mama. Kwa rapu, hii ni moja ya albamu kubwa unazoweza kuiacha ikicheza sebuleni.

Hii si "old school", acha kupotosha. Old school iliisha 1984. (Msomaji, Toronto)

Kwa wanahistoria wa New York uko sahihi: ya kale ni ya Kool Herc hadi kabla ya Run-DMC, na Paid in Full wanaiweka kwenye enzi ya dhahabu. Huku kwetu chochote kilichokuja na kaseti kabla ya Saleh Jabir na Kwanza Unit kuanza kutuchania kimeingia kapu moja. Sina shida na kapu hilo.

Nimeipenda. Niende wapi sasa, na je, bado wapo pamoja? (Msomaji, Bujumbura)

Nenda Follow the Leader ya 1988. Rakim amekaza zaidi, anachana kwa kasi bila kupoteza utulivu, na wimbo wa jina la albamu unakupandisha angani kwa maneno matupu. Humo pia kuna "Microphone Fiend", juu ya kipande cha Average White Band, ambapo anasimulia kiu ya maikrofoni iliyomshika tangu utotoni. Zikaja Let the Rhythm Hit 'Em ya 1990 na Don't Sweat the Technique ya 1992. Ya 1990 ndiyo wengi wanaipita na haistahili kupitwa. Kisha wakaachana kwa migogoro ya mikataba, kimya kikawa kirefu. Julai 2017, albamu hii ilipotimiza miaka 30, walipanda jukwaa moja tena pale Apollo Theater, Harlem.

Kabla hujaenda 1988, rudi mara moja zaidi kwenye "Move the Crowd". Hakuna aliyeitaja kwenye barua zenu zote, na nataka kujua kwa nini. Niandikieni.